Kwa mnaoanza kazi wodi ya wazazi: mama anayetumia dawa za kulevya na mtoto wake

Hamtakaa muda mrefu wodini kabla ya kupangiwa mama anayetumia heroini, au pombe, au vidonge vya usingizi, au vyote kwa pamoja. Chuoni mlisoma habari zake kurasa chache. Mengine mtayasikia kwenye korido kutoka kwa waliowatangulia, na mengi ya hayo ni ya kumwogopa: usimwamini, chunga mkoba wako, mtoto akae mbali naye. Nimewahudumia akina mama hawa kwa miaka mingi, kwanza leba kama mkunga, baadaye upande wa watoto wachanga. Naandika kwa sababu naona vijana wenye moyo wakifundishwa woga huo kabla hawajafundishwa kazi.

Ninachoomba mkishike ni kimoja. Mama mwenyewe ni sehemu kubwa ya tiba ya mtoto wake. Kwa hiyo kila utaratibu wa wodi, hata ule wenye sura ya usalama, upimeni kwa swali hili: unamfanya abaki na arudi, au unamkimbiza? Mama akiikimbia kliniki, presha yake haipimwi, VVU, kaswende na homa ya ini havitafutwi, na anakuja leba dakika za mwisho au haji kabisa. Hasara hiyo inajilimbikiza juu ya madhara ya dawa yenyewe, na sehemu yake kubwa tunaisababisha sisi kwa maneno yetu.

Anzeni na namna ya kuuliza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2014, linataka kila mjamzito aulizwe kuhusu pombe na dawa za kulevya, mapema iwezekanavyo na katika kila hudhurio. Kila mjamzito, si yule tu uliyemtilia shaka. Muulize akiwa peke yake. Kama amekuja na mume au mama mkwe, mwite ndani kupima uzito na mlango ufungwe. Kaa chini, weka kalamu mezani, halafu sema kitu cha namna hii: “Dada, haya nawauliza akina mama wote wanaokuja hapa, kwa sababu yanabadilisha namna tunavyokuhudumia wewe na mtoto. Sigara unavuta, au uliwahi kuvuta? Kabla hujajua una mimba, pombe ulikuwa unakunywa mara ngapi kwa wiki? Vidonge vya maumivu au vya usingizi unatumia? Na kitu kingine chochote cha kuvuta, kunusa au kujidunga?”

Mpangilio huo una sababu. Sigara na pombe watu huzitaja kwa wepesi zaidi, na akishajibu mawili bila kukemewa, la tatu linatoka. Ukiuliza ya kabla ya mimba, unapata jibu la kweli kuliko ukianza na ya leo. Akikuambia, uso wako usibadilike. Mwambie “Ahsante kwa kuniambia”, kisha nyamaza kidogo. Nimeona mengi ya maana yakisemwa katika ukimya huo kuliko kwenye fomu nzima. Ila usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Sheria za kuripoti zinatofautiana nchi hadi nchi na hata hospitali zina kanuni zake. Zijue kabla hujamuuliza mtu yeyote, na umweleze mapema nani ataliona jibu lake. Mama anaweza kusamehe sheria ngumu, lakini kudanganywa hasamehi, na atawaambia wenzake wote wasije kwako.

Kwa nini nasisitiza kila mjamzito? Kwa sababu macho yetu yana upendeleo. Mwaka 1990 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti kutoka Pinellas, wilaya ya jimbo la Florida nchini Marekani. Wajawazito walipimwa mkojo bila kujali walikohudhuria kliniki, na waliokutwa na pombe au dawa walikuwa kwa kiwango kinachokaribiana kati ya Weusi na Weupe. Hata hivyo wanawake Weusi waliripotiwa kwa mamlaka karibu mara 10 zaidi. Walioripoti walikuwa wahudumu wa afya, watu kama mimi na wewe, na sidhani kama wengi wao walijiona wabaguzi. Ukichagua wa kumuuliza kwa mavazi, kwa mtaa anaotoka au kwa meno yaliyooza, utawakosa wanaovaa vizuri na utawaonea wengine.

Kipimo cha mkojo kisikupe uhakika usiokuwepo. Kinaonyesha siku chache zilizopita. Hakionyeshi kama mtu ana uraibu wala kama ataweza kulea. Labetalo, dawa ya presha tunayowapa wajawazito kila siku, inaweza kufanya kipimo cha haraka kionyeshe amfetamini, dawa ya kusisimua mwili, ambayo mama hajawahi kuiona. Kile cha kawaida cha afyuni, yaani heroini, mofini na jamii yake, mara nyingi hakinasi fentanili wala methadoni, ambazo ni za jamii hiyo lakini hutengenezwa kiwandani. Na dawa ulizompa mwenyewe leba zitatokea kwenye mkojo wake na wa mtoto. Kwa hiyo pima kwa ridhaa, kwa sababu ya kitabibu unayoweza kumweleza, na majibu yenye utata yathibitishwe maabara. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Ferguson dhidi ya Jiji la Charleston, iliamua kuwa hospitali ya umma haiwezi kumpima mgonjwa kwa siri ili kuwapelekea polisi ushahidi bila ridhaa yake wala hati ya mahakama. Hata pasipo mahakama ya namna hiyo, mkunga anayechukua mkojo huku akificha anachoutafutia ameshampoteza mama huyo.

Sasa kosa ambalo huonekana kama ushauri mwema: “Acha leo hii, kwa ajili ya mtoto.” Kwa sigara, sawa, na umsaidie kuacha. Kwa heroini na dawa za jamii yake, kuacha ghafla humtia mama arosto kali, yaani mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, na wengi hurudia kutumia baada ya muda mfupi mwili ukiwa umepoteza uzoefu, wakazidisha dozi na kufa. Anayekunywa pombe nyingi kila siku akikatishwa bila uangalizi anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuchanganyikiwa; alazwe, apewe dawa za kumtuliza na vitamini B1. Vidonge vya usingizi vya jamii ya dayazepamu navyo hupunguzwa taratibu.

Tiba ya uraibu wa heroini kwa mjamzito ni methadoni au buprenofini, kila siku, pamoja na ushauri nasaha. Jamaa watakuuliza: si mnambadilishia tu kilevi? Wajibuni kwa utulivu. Dozi inayotolewa kwa mpango huzuia kupanda na kushuka kwa dawa mwilini, humtoa kwenye sindano za kuchangia, na humpa nafasi ya kula, kulala na kuhudhuria kliniki. Utafiti wa MOTHER uliochapishwa 2010 ulilinganisha dawa hizo mbili kwa wajawazito 175. Watoto wa waliopewa buprenofini walihitaji mofini, inayotuliza arosto ya mtoto, pungufu kwa asilimia 89 na walikaa hospitali siku 10 kwa wastani, dhidi ya 17.5 kwa methadoni. Lakini waliojitoa kwenye utafiti walikuwa wengi zaidi upande wa buprenofini, asilimia 33 dhidi ya 18. Ndiyo maana mama anayeendelea vizuri na methadoni haachishwi ili ahamishiwe nyingine. Dawa anayoimudu ndiyo inayomfaa.

Jambo moja linawapita wengi: katika miezi ya mwisho ya mimba mwili huiondoa methadoni haraka zaidi. Mama anayesema dozi haimfikishi asubuhi hasemi uongo wala hatafuti kulewa. Mpeleke kwa daktari wake. Huenda dozi ikaongezwa au ikagawanywa mara mbili kwa siku. Na mtoe hofu kwamba dozi kubwa lazima imtese mtoto: tafiti hazijaonyesha uhusiano wa kuaminika kati ya ukubwa wa dozi ya methadoni ya mama na ukali wa arosto ya mtoto. Nimewaona akina mama wakijipunguzia dozi kisirisiri wiki za mwisho kwa upendo mtupu, halafu wakarudia kutumia.

Leba, dozi yake ya kila siku inaendelea kama kawaida, na dozi hiyo si dawa ya uchungu. Anastahili dawa ya maumivu kama mwanamke mwingine yeyote, na pengine zaidi, kwa sababu mwili wake umezoea; kama ganzi ya uti wa mgongo ipo, iombwe mapema. Msimpe dawa za maumivu za pentazosini, nalbufini wala butofano. Dawa hizo humwangusha kwenye arosto papo hapo, katikati ya uchungu wa kuzaa. Kuhusu naloksoni, dawa inayozima nguvu ya afyuni mwilini, tofautisheni watu wawili. Mjamzito aliyezidisha dozi na haingizi pumzi apewe bila kusita, maana bila uhai wake mtoto naye hana uhai. Mtoto mchanga wa mama aliyezoea afyuni asipewe wakati wa kumhuisha, kwa sababu inaweza kumletea arosto ya ghafla na degedege. Msaidieni kupumua kwa begi na barakoa.

Nitakaa zaidi kwa mtoto, maana hapa ndipo wodi nyingi zinaweza kubadilika bila mashine mpya hata moja.

Mtazame mtoto wa siku ya pili mwenye arosto. Kidevu kinatetemeka hata hujamgusa. Ngumi zimekazwa, vidole vya miguu vimejikunja, na ukimnyanyua mikono hailegei. Anapiga chafya mfululizo, anapiga miayo, pua imeziba ingawa hana mafua. Kilio chake ni chembamba na cha juu, kinachokata masikio. Analitafuta titi kwa pupa, akilipata analiachia, kwa kuwa kunyonya, kumeza na kupumua havijapangika. Matako yamechubuka kwa kuharisha, na magoti na visigino vimechubuka kwa kusugua shuka. Kabla ya yote pima sukari, na ufikirie maambukizi na upungufu wa kalsiamu. Si kila kutetemeka ni arosto, na jina la mama kwenye faili lisikufumbe macho usiuone ugonjwa mwingine.

Kisha punguza taa. Nyamazisha simu na redio. Mpake mafuta ya kukinga ngozi matakoni, mfunge kwa shuka laini mikono ikiwa kifuani karibu na mdomo, au bora zaidi mweke kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Mpandishe na kumshusha polepole akiwa wima. Tumia njia moja kwa wakati mmoja: wageni kazini hufanya haraka kumwimbia, kumpapasa, kumtazama machoni na kumtikisa vyote pamoja, na mtoto huyu vinamzidi. Mnyonyeshe kidogokidogo, mara nyingi. Vipimo na usafi vikusanywe pamoja, vifanyike akiwa ameamka. Ukimfunua saa nane za usiku ili ujaze fomu, unajaza arosto uliyoitengeneza mwenyewe.

Fomu yenyewe ina historia. Mwaka 1975 Loretta Finnegan, daktari wa watoto wa Philadelphia, aliweka orodha ya dalili zenye alama, na kwa miongo mingi alama hizo ndizo zilizoamua mofini ianze lini. Zilisaidia sana, kwa sababu kabla yake kila mtu alikuwa akikisia. Lakini chafya ina alama, miayo ina alama, na wauguzi wawili wanaweza kumpa mtoto mmoja alama tofauti kabisa. Watoto wengi walianzishiwa mofini kwa jumla ya vidalili ambavyo havikuwazuia kula wala kulala.

Matthew Grossman na wenzake, hospitali ya watoto ya Yale New Haven nchini Marekani, waliuliza swali jepesi zaidi: mtoto anaweza kula, kulala na kutulia? Akinyonya vizuri au kumaliza kama mililita 30, akilala saa moja bila kukatizwa, na akitulizika ndani ya dakika 10, anaendelea bila dawa hata kama anapiga chafya. Akishindwa, kwanza tunaongeza mikono: mama yupo? amechoka? chumba kina kelele? Zikishindikana hizo, mofini inatolewa dozi moja, kisha anatazamwa upya. Matokeo yao ya 2017: wastani wa siku za kulazwa ulishuka kutoka 22.4 hadi 5.9, na waliopewa mofini kutoka asilimia 98 hadi 14. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2023, wenye watoto 1,305 katika hospitali 26 za Marekani, ulikuta watoto waliotazamwa kwa njia hii wakiwa tayari kuruhusiwa kwa siku 8.2 badala ya 14.9, na asilimia 19.5 tu wakihitaji dawa ya jamii ya afyuni, dhidi ya 52 kwa utaratibu wa zamani.

Mnaposoma takwimu hizo msidhani ni fomu iliyobadilisha mambo. Pale Yale walibadilisha mengi kwa pamoja: mtoto hakupelekwa tena moja kwa moja chumba cha uangalizi maalumu bali alilazwa na mama yake, wazazi waliambiwa tangu mimba kwamba wao ndio tiba, na mofini ikaacha kuwa ya ratiba. Nimeona hospitali ikichukua fomu mpya na kuacha vitanda vya akina mama ghorofa nyingine, halafu wakashangaa kwa nini hakuna kilichopungua. Mkitaka kubadilisha wodi yenu, anzeni na kitanda cha mama kando ya kitanda cha mtoto. Kisha hesabuni mambo machache kila mwezi: watoto wangapi walikaa na mama zao, wangapi walipewa dawa, siku ngapi walilazwa, na wangapi walirudi kliniki baada ya kuruhusiwa. Zamu ya usiku ishirikishwe tangu mwanzo, maana uamuzi mwingi wa kuanza mofini hufanyika usiku, mtoto akilia, muuguzi akiwa peke yake na watoto wengi. Tafuteni wa kumbeba: bibi, shangazi, mtu wa kujitolea aliyefundishwa.

Kukaa na mama kuna hatari moja ya kweli ambayo hatupaswi kuifunika. Mama mwenye methadoni, amejifungua jana, hajalala, anaweza kusinzia na mtoto kifuani. Pita mara kwa mara usiku, mwambie mapema kwamba utapita na kwa nini, na ukimkuta anasinzia mchukue mtoto umlaze chali kitandani pake, bila kumgombeza. Kusinzia kupita kiasi siku za baada ya kujifungua ni sababu ya kumwita daktari aiangalie dozi.

Kunyonyesha kunapunguza arosto na kufupisha siku za kulazwa. Mama aliyetulia kwenye methadoni au buprenofini anahimizwa kunyonyesha, dozi iwe ndogo au kubwa, kwa kuwa kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno. Homa ya ini C haimzuii, isipokuwa chuchu zikipasuka na kutoa damu. Anayeendelea kutumia kokeini au methamfetamini hashauriwi kunyonyesha kwa wakati huo. Zungumza naye wazi, na umsaidie kukamua ili maziwa yasikauke kama anakusudia kuacha. Kwa VVU fuateni mwongozo wa nchi yenu.

Pombe na sigara havitishi wodini kama heroini, na hilo linanisikitisha. Heroini humpa mtoto wiki ngumu zinazotibika. Pombe inaweza kumwachia ubongo ulioumia maisha yote, jambo ambalo Kenneth Jones na David Smith walilieleza katika jarida la Lancet mwaka 1973, na hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama katika mimba. Sigara huzaa watoto wenye uzito mdogo na huongeza vifo vya ghafla vya usingizini. Mama anayekunywa kila jioni apewe muda wako uleule.

Mtoto aliyezaliwa na mama wa methadoni asiruhusiwe mapema. Arosto ya heroini huanza mara nyingi ndani ya saa 24, ya methadoni inaweza kuchelewa hadi siku ya tatu au zaidi, kwa hiyo tunamtazama siku tano hadi saba. Mwambie mama hivyo tangu kliniki, ili asije akadhani amewekwa kizuizini.

Na siku ya kuruhusiwa, kazi bado. Huko Massachusetts, jimbo la Marekani, utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa kuzidisha dozi kulipungua sana miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kisha kukafikia kilele kati ya mwezi wa 7 na wa 12 baada ya kujifungua, wakati ambapo sisi wa wodi ya wazazi tumeshamsahau. Kwa hiyo asitoke mlangoni bila mambo haya kuandikwa na kuelezwa: dozi yake ya kesho anaichukua wapi na saa ngapi, naloksoni ya nyumbani pale inapopatikana na jamaa aliyefundishwa kuitumia, tarehe ya kliniki ya mtoto, njia ya uzazi aliyoichagua mwenyewe kama anaitaka, na jina la mhudumu mmoja atakayempigia simu. Mpigie wewe kwanza, ndani ya wiki ya kwanza. Muulize mtoto analalaje, halafu muulize yeye analalaje, na kama analia bila sababu au haoni faida ya kuishi, arudi siku hiyohiyo.